Kopo Lenye Mdomo Mpana

Jumapili, 10 Februari 1957

Umerudi? Nilidhani umekufa. Tangu Krismasi hujafungua daftari hili, na hata siku ile uliandika mistari miwili tu ukasema umechoka. Umechoka na nini? Kalamu ina uzito wa jembe? Mume wangu, mzee wangu, Mungu amrehemu, alikaa kwenye kiti hiki mikono yake myeusi kwa grisi ya treni, akakufundisha herufi moja moja kwa makaa ukutani, wewe ambaye shule uliiona kwa nje tu. Hakukufundisha ili uje kukaa kimya. Aibu. Kaa chini uandike.

Haya, nimejigombeza vya kutosha. Leo nimeyeyusha mafuta ya kujipaka. Mkia wa kondoo, mafuta ya mbarika, nta, marashi kidogo. Nimekoroga mpaka bega likalia. Ziwa limekauka tena na upepo unaleta lile vumbi jeupe la magadi hapa Bondeni, linaingia hata kwenye uji. Midomo ya watu imepasuka. Sokoni wanaita, Kukhu, mafuta yako wapi? Mji mzima unaniita Kukhu, kama vile wote ni wajukuu wangu. Sikatai. Lakini mjukuu wa damu yangu ni mmoja tu. Barasa.

Na leo Barasa alikuja. Mwanangu Wanjala anaendesha trekta kwenye shamba la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kule Sachangwan, mke wake Nasimiyu anachuma maua ya hiyo pareto. Wamekuja mjini kununua sabuni na chumvi. Nikatandika leso, nikapasha mafuta mkononi. Mtoto akifika kwa nyanya yake hupakwa na nyanya yake, hilo haliulizwi. Nikanyoosha mikono.

“Ameshapakwa, mama,” Nasimiyu akasema. Macho chini. Akavuta shali akamfunika mtoto uso.

Ameshapakwa? Ngozi niliiona kabla ya shali. Mashavu mekundu, yamechubuka, makavu kama ganda la kitunguu. Huyo hajapakwa.

Nikampa kopo jipya la mafuta, maana lile la kwanza nililompa lazima limekwisha. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana. Walipoondoka nikalikuta juu ya meza, nyuma ya taa.

Nimeumia. Naandika hivyo hivyo. Nimeumia.

Jumatano, 13 Februari

Wanjala amekuja peke yake, ameleta chuma cha trekta kwa fundi. Nimempa chai, nimefunga mlango, nimesimama mbele ya mlango.

Akasema. Alichukua muda, lakini akasema. Mafuta yangu yamemchoma mtoto. Ndivyo Nasimiyu anavyoamini, na wanawake wa kambini wanaamini pamoja naye. Eti kondoo wangu alikufa kwa ugonjwa. Eti nimezeeka, sioni ninachotia kwenye sufuria.

Halafu lile kubwa. Tulikuwa tumepatana. Mvua ikianza, pareto inachanua kwa wingi, mama yake anashinda shambani, na Barasa sasa anaacha kunyonya. Basi angekaa na mimi. Nimeshamtengenezea kitanda, nimekaza kamba mwenyewe. Sasa Nasimiyu anataka mtoto aende Kimilili kwa nyanya wa upande wa mama. Hajasema kwamba ni kwa sababu ya mafuta. Ana heshima. Amesema tu kule kuna maziwa.

Hata Nakuru kuna maziwa.

Nikamwambia Wanjala, lile kopo la kwanza nililompa mkeo liko wapi? Akainama, akalitoa ndani ya koti. Maskini. Alitumwa alirudishe na alikuwa amelificha tangu aingie. Mwanamume mwenye ndevu, anaficha kopo kama mtoto aliyeiba sukari. Nimemkumbatia na kopo lake. Sina hasira naye.

Alhamisi, 14 Februari

Nimeliangalia kopo kwenye jua.

Mafuta yangu ni meupe yanayoelekea njano kidogo, laini, yana harufu ya nta na marashi. Haya ya kopo yana matuta ya vidole, vidole vikubwa, vidogo, vya kila aina, kama shamba lililopigwa jembe na watu wengi. Ndani ya matuta kuna unga. Vipande vya maua. Nikanusa. Ile harufu kali inayokwenda nyuma ya pua.

Nimepaka ya kopo mkono wa kushoto, ndani ya kiwiko. Ya sufuria yangu nimepaka mkono wa kulia. Sasa nangoja. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 15 Februari

Kushoto kumewaka. Vipele, wekundu, nimejikuna mpaka nikafunga kitambaa. Kulia hakuna kitu. Ngozi ya bibi harusi.

Si kondoo. Si macho yangu. Ni pareto.

Nimeiona picha yote sasa. Wanawake wanachuma, mikono inawasha na kupasuka, Nasimiyu ana moyo mzuri, anatoa kopo, kopo linazunguka. Kila mmoja anachovya na mikono ile ile iliyojaa maua. Jioni kopo linarudi nyumbani, na mtoto anapakwa uso. Anapakwa pareto iliyokaangwa kwa mkia wa kondoo. Hata mimi ningelia.

Na kopo nililichagua mimi. Kwetu chombo cha mafuta lazima kiwe na mdomo mpana, mkono wa mgeni uingie wote. Ukimpa mtu mafuta kwenye kitu chenye mdomo mwembamba umemwambia wewe ni mchoyo. Mama yangu alikuwa na kibuyu ambacho ngumi iliingia. Nami nikatafuta sokoni kopo kubwa kuliko yote, nikalisugua likang'aa. Nilitaka Nasimiyu aonekane mkarimu mbele ya wenzake.

Ningeweza kwenda kumwambia, nawa mikono. Wapi? Maji yako bondeni na maua yako mlimani. Tena maneno ya mama mkwe yana ubaya wake. Ataitikia “ndiyo mama,” na mtoto ataenda Kimilili. Hapana. Sitaki kusema. Nataka chombo ambacho kidole hakiingii hata kikitaka.

Jumatatu, 18 Februari

Nimejaribu chupa. Chupa za soda, shingo nyembamba, kizibo cha gunzi la mahindi. Mchana hapa Nakuru mafuta yanamiminika vizuri. Nikafurahi haraka.

Kisha nikakumbuka Sachangwan ni baridi. Asubuhi kule nyasi zinakuwa nyeupe. Nikaitumbukiza chupa kwenye mtungi wa maji, ikalala humo. Leo asubuhi nimeigeuza kichwa chini. Hakuna. Nimeipiga matako. Hakuna. Nimeitikisa, nimeipiga tena.

Mama Atieno jirani yangu alikuwa anaanika nguo. “Mama Wanjala, chupa imekukosea nini? Isamehe, ni changa.”

Nikapunguza nta ili mafuta yawe mepesi. Yakatoka. Lakini jua lilipopanda yakawa mchuzi, yakapenya kwenye gunzi, yakalowesha meza. Ya asubuhi ni jiwe, ya mchana ni mchuzi. Chupa hapana.

Jumatano, 20 Februari

Nilikumbuka kopo la mzee wangu. Lile alilotumia kutia mafuta magurudumu ya treni, lenye mdomo mrefu kama wa korongo na tumbo la chini la kubonyeza kwa kidole gumba. Tik tak, tone linatoka. Lilikuwa limening'inia ukutani tangu tumzike. Nikaliosha kwa majivu, nikalichemsha, nikalichemsha tena. Nilimwomba ruhusa kwanza. Mtu mwenyewe hakujibu, nikaona amekubali.

Mafuta mazito hayakupita. Nikatia mbarika tupu, yakapita. Nikamwita Mama Atieno, nikambonyezea mkononi. Tik tak. Mstari mweusi kama wino ukashuka mpaka kiwiko. Grisi ya miaka yote hiyo ilikuwa imejificha kwenye shingo.

Akautazama mkono wake. “Dada yangu, mimi ni treni ya Kisumu?”

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha akapiga mluzi, akaondoka akitikisa viwiko kama magurudumu, nami nikabaki na lile kopo mapajani. Nikalia kidogo. Si kwa sababu ya Barasa. Kwa sababu ya kidole gumba kilichokuwa kikilibonyeza.

Nimelirudisha ukutani. Lina kazi yake pale.

Jumapili, 24 Februari

Mume wa Mama Atieno ni mpishi kwa Wazungu. Ameniletea zile ngozi laini za bati zinazobeba dawa ya meno, zikiisha wanazitupa. Nikazifungua mkia, nikaosha, nikatia mafuta kwa kijiko, nikakunja mkia na kuubana kwa koleo. Kazi safi. Unabinya, yanatoka. Kidole hakiingii. Baridi haiyashindi, ukibinya kwa nguvu yanatoka tu.

Nikajipaka uso, nikaenda kanisani najiona mjanja.

Wakati wa kusimama kuimba macho yakaanza kuwaka. Ile harufu ya dawa ya meno haikutoka hata kwa maji ya moto. Machozi yakanitiririka. Mchungaji akadhani nimeguswa na Neno, akanitazama kwa huruma, akaongeza sauti. Kisha nikainama kuchukua leso kwenye kikapu, nikakuta mkia umefunguka. Mafuta yamejaa kikapuni, yamepaka kitabu cha nyimbo, yamepaka kila kitu.

Kama yananichoma mimi macho, vipi mtoto mwenye vidonda? Hapana.

Mawingu yameanza kuonekana upande wa Menengai. Hayajawa ya mvua. Lakini yameanza.

Jumanne, 26 Februari

Leo nimesimama barabarani kama nguzo. Fundi Salim wa baiskeli, yule mwenye kofia nyeupe ambaye babu yake alitoka pwani, alikuwa anatengeneza pampu. Akaivuta ile fimbo ya ndani. Mwishoni ina kikombe kidogo cha ngozi, kinabana kuta za bomba. Akakipaka grisi, akakirudisha, akasukuma. Grisi iliyobaki ndani ikatoka mbele kwenye tundu, yote, taratibu, kama mdudu mweupe.

Moyo ukaruka.

“Mama, baiskeli yako iko wapi?”

“Sina baiskeli. Nataka tumbo la pampu yako.”

“Tumbo!” Akawageukia wateja wake. “Jamani, kuna watu huja na gurudumu limepasuka. Huyu amekuja kunipasua mimi.”

Nikamweleza. Alisikiliza akikuna ndevu. Akasema bomba la chuma litaota kutu na mafuta yatakuwa na rangi. Nikasema, mwanzi. Sokoni wanauza mianzi ya milima ya Mau, ya kuezekea ghala. Mwanzi una fundo lake, tayari ni chombo kilichozibwa chini. Unatoboa fundo tundu dogo. Juu unaingiza mti wenye kikombe cha ngozi. Unasukuma.

Akalipima bomba kwa vidole. Akasema, “Kesho lete mwanzi. Na lete mahamri.”

Mahamri sijui kupika. Nitampelekea maandazi, atayaita anavyotaka.

Ijumaa, 1 Machi

Mwanzi wa kwanza umepasuka. Nilitoboa fundo kwa msumari mkubwa wa moto, mwanzi ukaingia ufa, Fundi Salim aliposukuma mafuta yakaruka kwa ubavu yakatua kwenye kofia yake. Akaivua, akaitazama, akajipaka yale mafuta mashavuni. “Basi, mama. Nimekuwa bibi harusi.” Wateja wake walipiga makofi.

Mwanzi wa pili tumetumia sindano ya kushonea magunia. Tundu kama punje ya mtama. Nilikuwa nimeuchemsha kwa maji ya chumvi na kuukausha kivulini, na ndani nimeupaka nta. Fundi amekata kikombe cha ngozi kutoka ulimi wa kiatu cha zamani, amekilowesha kwenye mbarika mpaka kikalainika. Kizibo ni gunzi dogo lililofungwa kwa uzi ili lisipotee. Nimeulaza kwenye mtungi wa maji kama chupa.

Leo asubuhi nimesukuma. Umetoka. Mdudu mweupe aliyenona, polepole, mpaka nikaacha kusukuma, naye akaacha kutoka. Nimeuweka juani mchana kutwa. Haukuvuja tone.

Tumetengeneza mingine. Yote mafuta mapya, nimekoroga mwenyewe, mikono nimenawa kama daktari.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda Sachangwan na kurudi. Mgongo umeniambia maneno mabaya. Lakini naandika.

Stesheni ya Molo askari alikagua kikapu. Akaona mianzi ina fimbo ndani na tundu mbele. Siku hizi za hali ya hatari watu wamefungwa kwa vitu vinavyofanana na hivyo. Akarudi nyuma, akaniambia nikae chini, akamwita mwenzake.

“Hii ni bunduki ya namna gani, mama?”

“Geuza mkono nikupige risasi.”

Mwenzake akacheka. Yeye hakucheka, alikuwa kijana, anaogopa. Lakini mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi mpaka damu, nikaona. Nikamshika, nikageuza kiganja chini, nikasukuma mwanzi juu ya mgongo wa mkono wake. Akatazama ile nyeupe. Nikaisugua mwenyewe. Mikono ya mtoto wa mtu inakuwaje mikavu hivyo na mama yake yuko hai? Nikamuuliza. Akasema mama yake yuko mbali. Nikamwachia mwanzi mmoja. Akaniitia lori lililokuwa linapita, nikapanda mbele.

Shambani nilikuta wanawake wamekaa kula viazi kando ya mitaro, vikapu vimejaa maua. Nasimiyu alisimama haraka, akanisalimu kwa heshima yote, akapangusa jiwe nikae. Sikukaa. Nikatoa mwanzi.

Mmoja mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akaangua kicheko. “Kukhu! Siku hizi unatupimia kama dawa ya hospitali? Kopo lako lilikuwa la mtu mwenye moyo. Hiki ni chombo cha karani!”

Wote wakacheka. Iliniuma, kwa sababu miezi michache iliyopita ningesema hivyo hivyo mimi.

Nikamwambia, “Wewe mwenye domo, kaa. Usinyanyue hata kidole. Geuza mkono.” Akageuza. Nikainama mbele yake, mimi mzee, nikamsukumia juu ya mgongo wa mkono. “Sasa sugua mgongo kwa mgongo.” Nikaenda kwa wa pili. Nikaenda kwa wa tatu. Kila mmoja nikamwinamia. Nikasema nikiwa natembea, kwa kopo mlikuwa mnajichotea kama watu walioingia nyumba isiyo na mwenyewe. Leo kuna mwenyewe. Leo mnahudumiwa.

Wakasugua. Ilikuwa sauti ya mikono tu, mgongo kwa mgongo. Yule mrefu akafumba macho.

Ndipo nikaweka kopo la zamani chini, na nikakunja mkono wa gauni. Vipele bado viko. Nikasema maneno machache. Huu ni mkono wa kopo. Tazameni unga ulio ndani, si wangu, ni wa kikapu. Mkono wa pili ni wa sufuria yangu. Basi. Sikutaja mtoto. Sikumtazama Nasimiyu. Wao ndio waliomtazama, kisha wakatazama vidole vyao wenyewe.

Nasimiyu aliinama. Alikuwa anafunga kamba ya kikapu ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Nimemwachia mianzi miwili. Wenye uzi mwekundu wa shambani. Wenye uzi mweupe wa mtoto, usitoke nyumbani. Nikirudi barabarani nikamwona Barasa kwa mbali, mgongoni kwa msichana wa kambini, kichwa kimelala. Ningeweza kwenda. Miguu ilitaka. Nikapanda lori.

Jumatano, 13 Machi

Hakuna habari. Nimefagia chumba kuliko kinavyohitaji. Nimekaza tena kamba za kitanda kidogo, zilikuwa zimekazwa.

Jumamosi, 16 Machi

Wanjala amepita, hakukaa. Anasema mwanzi mwekundu unazunguka kutwa, na sasa yule mrefu ndiye anayewasukumia wenzake, hataki mtu mwingine ashike, amekuwa bosi wa mwanzi. Mikono yao imeanza kupona.

Na mtoto?

Akasema anaendelea vizuri. Wanaume husema hivyo hata mtu akiwa amelala kaburini. Nikamkazania. Akasema Nasimiyu alishatuma ujumbe Kimilili kabla sijaenda. Mama yake atakuja kumchukua mtoto mvua ikianza.

Nimemwambia sawa. Nimempa ndizi za njiani. Alipoondoka nimekaa kitandani pangu nikazungumza na Mungu bila adabu. Nimemwambia nimechemsha, nimetoboa, nimeinamia wanawake walionicheka, nataka kujua kilichobaki. Nimemwomba msamaha baadaye. Lakini swali sijaliondoa.

Jumatano, 20 Machi

Radi upande wa Mau. Wanawake sokoni wanafurahi, vumbi litalala. Mimi nimewaambia mafuta yamekwisha. Hayajaisha. Sikuwa na hamu ya kuuza.

Mama Atieno amekuja na samaki, akakaa, hakufanya mzaha hata mmoja. Hapo nilijua sura yangu iko vipi.

Jumapili, 24 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mvua ya kweli. Vumbi la ziwa limekuwa tope jeupe mlangoni. Sikwenda kanisani. Nilikuwa nabandika chai.

Nasimiyu akaingia. Peke yake, bila Wanjala, amelowa, mtoto mgongoni chini ya gunia. Hakusalimu kwanza. Aliweka kapu chini, akaenda kwenye karai, akanawa mikono. Akanawa vidole kimoja kimoja, na kucha. Akaipangusa. Kisha ndio akafungua leso, akamtoa Barasa.

Akamweka mapajani mwangu.

“Hajapakwa, mama.”

Nikaitikia kwa kichwa. Akatoa mwanzi wenye uzi mweupe, akavuta gunzi, akashika mkono wangu akaugeuza kiganja chini, akanisukumia. Mkono wake ulikuwa laini.

Nimempaka Barasa. Paji la uso, nyuma ya masikio, shingoni penye mikunjo, mashavu yote mawili. Yamepona. Kumebaki alama ndogo tu chini ya jicho la kushoto, itaondoka. Alinitazama kwa ukali, kama mzee wangu alivyowatazama watu waliochelewesha treni. Nikamvuta mguu, akacheka. Kabla sijamaliza miguu akawa amelala.

Nasimiyu alikunywa chai mbele ya jiko. Tulizungumza juu ya mvua. Tulizungumza juu ya yule mrefu mwenye domo. Kimilili haikutajwa, naye hakuomba msamaha na mimi sikuutaka. Alipoondoka kuwahi treni nilifungua kapu. Lilikuwa zito. Nguo zote za Barasa zimo, hata sweta ya baridi, hata kile kijiko chake.

Mama yake Nasimiyu wa Kimilili nitamtumia mwanzi. Wenye uzi wa buluu.

Sasa mtoto amelala kwenye kitanda cha kamba. Mvua imepungua, inadondoka tu kwenye bati. Jiko bado lina moto kidogo. Kopo lenye mdomo mpana nimelitia udongo, nitapanda kitunguu ndani yake pale dirishani.

Na wewe, usikae tena mpaka Krismasi. Ukija, nawa mikono kwanza, tazama ukurasa huu ulivyojaa vidole vya mafuta. Kisha uandike kama amelala vizuri.